Irabu Moja

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kalamu nne
na neno "bunifu" katika kila mstari.
Ofisi ilikuwa ghorofa ya sita, Barabara ya Ngong,
na kutoka dirishani wateja wetu walikuwa mabati,
mabati mengi yanayometa, yasiyo na majina.

Jiko letu lilitumia spiriti.
Niliandika: Teknolojia bunifu. Nafuu ya asilimia arobaini.
Slaidi ishirini na mbili, mishale, miduara inayopishana,
nikasimama mbele ya Kerubo, mkuu wa masoko,
nikazisoma zote bila kumeza mate.

Aliuliza swali moja: "Nani alikwambia?"
Nikasema, utafiti.
"Huyo Utafiti anaishi mtaa gani?"
Kiyoyozi kikajibu kwa niaba yangu.

Kesho yake nilikuwa Kayole
na viatu visivyofaa, na fomu ya maswali thelathini.
Nilijua kuuliza. Sikujua kungoja.
Swali la kwanza nililijibu mwenyewe,
la pili nikalijibu mwenyewe,
na Syokau, fundi wa nguo, akanitazama
kama mtu anayetazama mvua ya mtaa mwingine.

Kalamu ikaisha wino.
Bahati hiyo sijawahi kuiandika kwenye wasifu wangu wa kazi.
Nilikuwa kimya, naitikisa,
naye akasema, si kwangu hasa, kwa cherehani:
"Shuleni wanamwita Taa."

Nani?

"Kioko. Sweta lake linanuka mafuta ya taa.
Nalifua Jumamosi, naanika, napiga pasi.
Jumatatu nawasha stovu nichemshe chai,
chai inanuka, mtoto ananuka,
wenzake wanaziba pua: Taa kaingia, zimeni Taa!"

Asilimia arobaini ikanilalia mfukoni
kama sarafu ya nchi nyingine.

Usiku ule nilifuta.
Huo ndio ufundi wa kwanza niliojifunza, na hauna cheti.
Nilifuta bunifu, nikafuta teknolojia,
nikafuta mishale, nikafuta jina la kampuni
lililokuwa kubwa kuliko jiko lenyewe.
Saa nane za usiku karatasi ilibaki na maneno matatu:
Chai inuke chai.
Nikayaogopa. Yalikuwa machache mno kwa mshahara wangu.

Kerubo aliyasoma, akayasoma tena.
Kalamu nyekundu ikashuka, ikachomeka herufi moja,
i, nyembamba kama njiti ya kiberiti.
"Kinachonuka ni stovu," akasema. "Chai hunukia.
Sasa umeanza."
Hakusema nimemaliza.

Wiki ya kwanza tuliuza majiko tisa.
Ya pili, thelathini na moja.
Lokwang wa mauzo, ambaye hakuwahi kunisalimu,
aliniachia nusu ya chapati yake mezani,
imefunikwa kwa risiti.

Nikarudi Kayole na bango kwapani,
sitasema uongo, nilitaka kusifiwa.
Syokau alilikunjua juu ya kitambaa cha mtu,
akasoma, akacheka, kisha akaguna.
Kwenye kona stovu ya zamani ilikuwa palepale,
utambi wake mweusi, sufuria yake nyeusi.

"Maneno ni yangu," akasema, "bei ni yenu.
Elfu nne kwa mkupuo?
Mimi hulipwa kwa pindo:
suruali hii hamsini, rinda lile mia,
na wengine hunipa kesho."

Ningeweza kumtajia asilimia. Ulimi ulikuwa tayari,
nilihisi namba zikijipanga nyuma ya meno.

Safari hii kalamu ilikuwa na wino.
Nikaiweka chini.
"Hebu nieleze hiyo ya pindo," nikasema,
nikavuta kigoda,
na cherehani ikaendelea.